Kukagua na kuthamini gari la spoti la kifahari lililotumika: mwongozo kamili

Chukua magari mawili ya Ferrari F430, yote ya mwaka mmoja, yote mekundu, kilomita zake zikikaribiana. Anayeyaona yakipita barabarani hatofautishi. Sokoni, moja linaweza kuuzwa karibu mara mbili ya lenzake kwa sababu lina gia za mkono, wakati lingine lina giaboksi ya F1 inayobadilishwa kwa vishikio vya nyuma ya usukani. Ongeza hapo faili la ankara, klachi mpya na rangi ya kiwandani isiyoguswa, pengo linazidi kupanuka.

Kwa hiyo kabla ya kushika tochi na kulala chini ya gari, panga akili kwanza. Kila kasoro utakayokuta itaingia kwenye moja ya mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la kasoro ambazo pesa inazimaliza: klachi iliyokwisha, matairi yaliyozeeka, mkanda wa taimingi uliopitiliza muda wake. Hizo ni hesabu ya kutoa tu. Fungu la pili ni la mambo ambayo pesa haiyarudishi: injini isiyo ya gari lile, chasi iliyowahi kunyooshwa, miaka mitano isiyo na kumbukumbu yoyote, kilomita zilizochezewa. Haya hayapunguzwi kwenye bei. Yanalihamisha gari lote kwenda kundi jingine lenye bei yake. Wanunuzi wengi huliogopa fungu la kwanza kwa sababu ankara zake zinatisha, kisha hulichukulia la pili kirahisi kwa sababu halipigi kelele. Ingekuwa vyema kinyume chake.

Hatua ya 1: Ijue modeli kabla hujaliona gari

Kila modeli ina maradhi yake, na mengi yamekwisha kujulikana. Ukifika kwa muuzaji bila kuyajua, utakagua gari kwa jumla jumla na kuikosa sehemu moja ambayo ingekuambia kila kitu.

Tuanze na Ferrari. F355, iliyotengenezwa kuanzia 1994 hadi 1999, inahitaji injini ishushwe ili kubadilisha mikanda ya taimingi. Kazi hiyo peke yake ni ankara ya kumkosesha mtu usingizi. Manifoldi zake za ekzosi, yaani mabomba yanayokusanya moshi kutoka kwenye silinda, hupasuka, na katika magari ya mwanzo bushi zinazoshika mashina ya valvu huchakaa mapema. Iliyoifuata, 360 Modena, iliwahurumia kidogo wenye nayo: mikanda inafikiwa kwa kufungua kibao nyuma ya viti, injini ikiwa mahali pake. Bado mikanda hiyo huhesabiwa kwa miaka, si kwa kilomita pekee, na mafundi wengi hushauri ibadilishwe kila baada ya miaka 3 hivi hata kama gari limelala tu. F430 ikaachana na mikanda kabisa na kutumia mnyororo, na hiyo ni sababu moja ya watu kuiona kama mlango rahisi wa kuingilia Ferrari za kisasa. Rahisi kwa kiasi chake, maana nayo manifoldi zake za ekzosi zinapasuka.

Porsche 911 zinahitaji uangalifu wa aina nyingine. Zile za kawaida za kizazi cha 996, na za 997 hadi mwaka wa modeli 2008, zina beringi ya shafti ya kati ndani ya injini ambayo ikivunjika huondoka na injini nzima. Si kila gari litapatwa, lakini ni lazima uulize kama beringi ilibadilishwa, lini, na kwa ankara ya nani. Katika injini za mwisho za kundi hilo beringi ni kubwa zaidi na haitoki bila kupasua injini, kwa hiyo anayekuambia "tulibadilisha" kwenye gari la 2007 aonyeshe ushahidi wa kazi kubwa kweli kweli. Matoleo ya Turbo na GT3 ya enzi hiyo yana injini tofauti, ile iitwayo Mezger, na hayana tatizo hili. Hapo ndipo utaelewa kwa nini 996 Turbo na 996 ya kawaida ni bei mbili zisizosogeleana, ingawa kwa mbali yanafanana.

Lamborghini Gallardo ilitengenezwa kuanzia 2003 hadi 2013, jumla magari 14,022, kwa hiyo zipo za kuchagua. Zenye giaboksi ya e-gear, inayobadilisha gia kwa haidroliki badala ya mkono wa dereva, hula klachi haraka mikononi mwa dereva wa mjini anayetambaa kwenye foleni. McLaren MP4-12C ya 2011 hadi 2014 ilishuka bei kwa kasi tangu mwanzo na sasa inavutia kwa namba zake, lakini mfumo wake wa saspensheni ya haidroliki una akumuleta (vichupa vya kutunza mgandamizo) zinazoishiwa nguvu, na si spea za bei ya chini. Audi R8 ya kwanza ikiwa na shokomzoba za sumaku, tafuta unyevu wa oili kwenye shina la kila moja. Honda NSX ya mwaka 1990 na kuendelea ina bodi yote ya aluminiamu, na baadhi ya za mwanzo zina pete ya ndani ya giaboksi inayovunjika. Namba ya giaboksi inaonyesha kama gari limo kwenye kundi hilo.

Angalia pia magari ambayo mtengenezaji aliyaita yarudi kurekebishwa. Mwaka 2010 Ferrari iliziita 458 Italia zirudi kurekebishwa baada ya baadhi kuwaka moto, chanzo kikiwa gundi kwenye eneo la tao la gurudumu la nyuma. Mwaka 2014 Porsche iliamua kubadilisha injini za 911 GT3 mpya zote 785 zilizokuwa zimeshatoka, baada ya skrubu za vikono vya pistoni kulegea na kusababisha moto. Gari la kundi kama hilo lililorekebishwa rasmi halina aibu yoyote. Lisilo na karatasi ya marekebisho ndilo la kuulizia.

Hatua ya 2: Karatasi kwanza, gari baadaye

Omba picha za nyaraka zote kabla ya kufunga safari. Muuzaji anayesita kutuma ankara lakini yuko tayari kutuma video ya ekzosi amekwisha kukuambia jambo.

Anza na nambari ya chasi. Tangu 1981 ina herufi na tarakimu 17, na herufi I, O na Q hazitumiki kamwe. Herufi za mwanzo hutaja mtengenezaji: ZFF ni Ferrari, ZHW ni Lamborghini, WP0 ni Porsche, SBM ni McLaren. Nambari iliyopigwa kwenye chuma, ile ya chini ya kioo cha mbele, za kwenye vibandiko na ile ya kwenye hati za umiliki lazima zifanane zote. Kisha linganisha nambari ya injini na kumbukumbu za kiwanda. Kwa Ferrari zilizotimiza miaka 20, na zile za matoleo maalumu, kitengo cha Ferrari Classiche hukagua gari na kulipatia cheti kama injini, giaboksi na chasi ni za asili. Katika magari ya bei ya juu kabisa, cheti hicho hubeba uzito sokoni.

Halafu panga ankara zote kwa tarehe na uandike kilomita kando ya kila moja. Kazi hii inachosha, na inafichua zaidi ya kitu kingine chochote. Utaona kilomita zikipanda kwa utaratibu, au zikisimama ghafla miaka minne, au zikirudi nyuma. Muhuri kwenye kitabu cha sevisi ni dalili. Ankara yenye orodha ya spea na saa za fundi ni ushahidi. Kitabu kilichojaa mihuri bila ankara hata moja kisikutulize.

Gari lililotembea kidogo mno linastahili shaka lake. Kilomita chache hupandisha bei, ni kweli, lakini gari lililosimama miaka mingi hukausha sili, huozesha mafuta ndani ya tangi na kuua betri. Ferrari F40 na F50 zina matangi laini ya mafuta yenye muda wa kuisha, liendeshwe gari au lisiendeshwe. Kwa matumizi ya kweli ningechagua gari lenye kilomita za wastani na sevisi ya kila mwaka kuliko lenye kilomita kiduchu na ukimya wa miaka sita. Mwekezaji anayelihifadhi chini ya turubai atachagua kinyume, naye ana sababu zake.

Hatua ya 3: Bodi na chasi

Kagua mchana, gari likiwa kavu na baridi. Gari lililooshwa dakika tano kabla hujafika huficha mikwaruzo na mawimbi ya rangi. Simama pembeni, inama hadi macho yawe usawa wa milango, na ufuate mstari wa mwanga kutoka bampa la mbele hadi la nyuma. Mwanga ukivunjika au kuyumba, pana kazi imefanyika.

Kipima unene wa rangi ni kifaa kidogo na hakina mjadala, mradi ujue mipaka yake. Rangi ya kiwandani kwa kawaida huwa kati ya mikroni 80 na 180. Ikipanda zaidi ya 250, huenda imepigwa upya. Ikifika 1,000 na zaidi, chini yake pana puti. Lakini usiikariri namba moja. Magari yanayotengenezwa machache, kwa kazi nyingi ya mkono, yaliweza kutoka kiwandani yakiwa na rangi nene sehemu fulani. La maana ni kulinganisha kipande na kipande: boneti na mabawa, mlango wa kushoto na wa kulia. Hakikisha pia kifaa kinasoma aluminiamu, kwa sababu vile vya bei ya chini husoma chuma cha sumaku tu. Na kwenye nyuzi za kaboni vifaa vya kawaida haviambulii kitu. Hapo unahitaji kipimo cha mawimbi ya sauti na jicho la aliyezoea.

Bampa la mbele kupigwa rangi si habari. Magari haya yako chini, mawe yanayachapa, na mwenye gari anayejali hulipaka upya. Habari ni rangi mpya kwenye nguzo za paa, kingo za milango au bawa la nyuma lililoungana na bodi. Fungua kila kifuniko utazame vichwa vya boliti: je, rangi imechanika pale spana ilipopita? Vibandiko vya kiwandani vipo? Vioo vyote vina alama ya mtengenezaji mmoja na miaka inayokaribiana? Kioo kimoja kipya kinaweza kuwa ni jiwe tu. Taa moja mpya, bawa jipya na kioo kipya, vyote upande mmoja, hiyo ni ajali.

Sasa lipandishe juu. Bila kuliinua hujakagua. Vua ngao ya chini kama fundi anaruhusu, kwa maana huko ndiko kwenye oili inayodondoka, rejeta iliyogongwa na ncha za chasi zilizokwaruzwa. Kwa McLaren, ambazo kiini chake ni beseni moja la kaboni, na kwa Lotus Elise yenye chasi ya aluminiamu iliyogundishwa, pigo kwenye kiini haliponeshwi kwa nyundo. Ukiona ufa au ukarabati hapo, mazungumzo ya bei yameisha. Umebaki ukizungumzia spea.

Matairi yana siri zao. Tangu mwaka 2000 tarehe ya kutengenezwa huandikwa kwa tarakimu nne ubavuni: 3219 ni wiki ya 32 ya mwaka 2019. Yakipita miaka 6, yahesabu kama ya kubadilisha hata kama mifereji yake bado ina kina, hasa kwa gari lenye nguvu nyingi kwenye ekseli ya nyuma. Porsche huidhinisha matairi yenye alama ya N na tarakimu, kama N0 au N1. Mwenye gari aliyeweka chapa nne tofauti kwenye gari la hadhi hii amebania pesa kwengine pia.

Hatua ya 4: Ndani ya gari

Hapa usikae sana. Linganisha uchakavu na kilomita: usukani uliong'arishwa na viganja, ubavu wa kiti uliopauka, kanyagio lililolika. Gari la kilomita 15,000 halipaswi kuwa navyo. Ferrari za miaka ya 1990 na 2000 zina swichi na vibao vya plastiki ambavyo kwa joto na miaka hugeuka kuwa na utomvu wa kunata. Inachukiza vidoleni lakini inatengenezeka. Ngozi ya dashibodi iliyosinyaa na kujivuta karibu na kioo cha mbele inatengenezeka pia, ila kwa pesa nyingi kuliko unavyodhani. Jaribu kila kitu cha umeme, pamoja na mfumo wa kuinua pua ya gari kama upo, kwa sababu wengi husahau kuujaribu na kuutengeneza si mchezo.

Hatua ya 5: Injini

Mwombe muuzaji asiwashe gari kabla hujafika, kisha weka kiganja juu ya injini. Ikiwa na joto, uliza kwa nini. Injini baridi husema ukweli: mnyororo uliolegea hugonga sekunde za kwanza, valvu zinazovujisha oili hutoa moshi wa buluu, manifoldi iliyopasuka hutoa mlio wa tiki-tiki unaopungua chuma kikipata joto na kutanuka. Injini moto huyafunika hayo yote.

Moshi mweupe mwembamba asubuhi yenye baridi ni mvuke tu. Ukiendelea baada ya injini kupata joto, na maji ya rejeta yanapungua, gasketi ya kichwa cha injini iko mashakani. Moshi wa buluu unapoachia mafuta kisha kukanyaga tena unaelekeza kwenye valvu. Unaotoka muda wote ukiwa umekanyaga unaelekeza kwenye ringi za pistoni.

Kwa gari la bei hii usiishie kusikiliza. Dai vipimo viwili. Cha mgandamizo wa silinda huonyesha kama silinda zote zinafanya kazi sawa. Cha kuvuja hewa huonyesha hewa inapotorokea. Uvujaji ulio chini ya asilimia 10 ni afya njema. Ukivuka 20 kwenye silinda yoyote, kuna maelezo yanayohitajika. Zaidi ya namba zenyewe, tazama usawa. Silinda saba zinazofanana na moja iliyojitenga ni taarifa mbaya kuliko nane zilizochoka pamoja. Kwa Porsche za kizazi cha 996 na 997, fundi apenyeze kamera ndogo ndani ya silinda atazame kama kuta zimechubuka, na akiweza aitazame kutoka chini, kwa sababu michubuko mara nyingi haionekani kupitia tundu la plagi.

Kipimo cha oili kwenye maabara ni nafuu kuliko chakula cha jioni cha watu wawili na hupuuzwa mno. Chembe za shaba na risasi huelekeza kwenye beringi, aluminiamu kwenye pistoni au kuta. Udhaifu wake ni kwamba muuzaji mjanja hubadilisha oili wiki moja kabla. Kwa hiyo uliza oili ina kilomita ngapi.

Hatua ya 6: Klachi, giaboksi na breki

Vitu hivi vitatu ndivyo hufanya gari "la bei nzuri" kuwa la bei mbaya.

Giaboksi za F1 za Ferrari na e-gear za Lamborghini ni giaboksi za kawaida zilizowekewa haidroliki ya kubadilisha gia badala ya mkono wa dereva. Kompyuta ya gari huhifadhi kiwango cha klachi kilicholika, na kifaa cha uchunguzi hukisoma kwa asilimia. Dai karatasi ya kisomo hicho. Lakini elewa namba hiyo inategemea fundi aliweka upya vizuri pale klachi ilipobadilishwa. Gari lenye kisomo kizuri ajabu linalosita na kunuka kuungua kwenye mlima litaaminika lenyewe, si kompyuta. Pampu ya haidroliki isikike ikijaza kwa sekunde chache unapofungua mlango au kuwasha swichi, kisha inyamaze. Ikiwa inaamka kila baada ya sekunde kadhaa, kuna mgandamizo unaovuja.

Giaboksi za klachi mbili, zilizoingia Ferrari na California ya 2008 kisha 458, ni tamu kuliko zile na klachi zake hudumu zaidi. Zikiharibika, hata hivyo, sensa moja ya ndani inaweza kulazimisha giaboksi nzima kushushwa. Sikiliza mshtuko wakati wa kuingiza gia ya kurudi nyuma, na tazama kama onyo lolote limewahi kuandikwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta.

Carrera GT ya Porsche, ambayo zilitengenezwa 1,270, ina klachi ya kauri isiyopenda kubembelezwa kwa kuachiwa nusu nusu. Mmiliki aliyejifunza kuiendesha kwa kuitesa ameacha deni kwa atakayefuata.

Breki za kaboni na kauri watu huzipima vibaya. Diski za chuma hupungua unene, kwa hiyo unazipima kwa kipimo. Za kaboni na kauri hupoteza uzito kaboni inapoungua kwa joto, huku unene ukibaki karibu uleule. Uzito wa chini unaoruhusiwa umeandikwa kwenye kitovu cha diski. Njia ya uhakika ni kuivua na kuiweka kwenye mizani. Kazi ya kuudhi, lakini seti moja ya diski hizi inaweza kulingana na bei ya gari dogo zima. Tazama pia kingo kama zimemeguka, hasa pale mtu alipotoa gurudumu bila uangalifu.

Hatua ya 7: Liendeshe, kisha soma kumbukumbu zake

Endesha dakika 40 angalau, sehemu iwe ya foleni. Gari la spoti likienda kasi kwenye barabara nzuri hufurahisha hata likiwa bovu. Kwenye foleni joto linapanda, feni zinajulikana kama zinafanya kazi, na klachi inajisema. Oili ya magari yenye tangi la pembeni, kama 360 na F430, hupimwa injini ikiwa moto na inazunguka. Ukimwona muuzaji anaipima baridi na kujisifu imejaa, hajui gari lake.

Kompyuta za Porsche huhifadhi mara ambazo injini ilizungushwa kupita kiwango, zikigawanywa ngazi sita katika magari ya karibuni, pamoja na saa ya injini ilipotokea. Ngazi za chini ni za dereva aliyegusa ukomo wa mizunguko. Za juu haziwezi kufikiwa kwa kukanyaga mafuta. Hutokea mtu anapotoka gia ya tano akitaka ya nne, akaangukia ya pili. Tukio la ngazi ya sita lililotokea saa 300 za injini zilizopita, na injini bado nzima kwa vipimo, linasameheka. La saa tano zilizopita, ondoka.

Kumbukumbu hizo zina faida nyingine: saa za injini ukizilinganisha na kilomita unapata mwendo wa wastani. Gari lililokaa mjini na barabara kuu huwa na wastani wa kawaida. Wastani usioeleweka, mdogo mno kwa mfano, ni alama kwamba kilomita zimerudishwa nyuma.

Ukaguzi huu wote ufanywe na fundi uliyemchagua na kumlipa wewe, anayeijua modeli hiyo hasa. Fundi aliyekuwa akilihudumia gari siku zote anajua mengi, kwa hiyo mpigie na umuulize, lakini usimpe kazi ya kukagua: atakuwa anasahihisha mtihani wake mwenyewe.

Hatua ya 8: Kuitafuta bei

Bei zilizoandikwa kwenye matangazo ni matumaini ya wauzaji. Unachotaka ni bei zilizolipwa. Minada huzitangaza: RM Sotheby's na Bonhams kwa magari ya juu, Bring a Trailer na Collecting Cars kwenye intaneti kwa mengine mengi. Soma kwa makini kama namba iliyotajwa ni bei ya nyundo, yaani dau la mwisho mnadani, au imejumlisha ada ya mnunuzi. Na gari lililofikishwa bei fulani bila kuuzwa si mfano wa mauzo, ingawa linakuonyesha dau la juu lililotolewa siku ile.

Tafuta mauzo matano au sita ya miezi 12 iliyopita ya toleo lilelile, giaboksi ileile, usukani upande uleule. Hapa ndipo fungu la pili linapofanya kazi, kwa sababu unalinganisha gari lako na kundi lake halisi. Gari lenye historia ya ajali lilinganishwe na yaliyouzwa yakiwa na historia ya ajali. Gia za mkono kwa za mkono: Ferrari 599 GTB zenye gia za mkono zilitengenezwa takriban 30 tu, na kuzichanganya na zile za F1 ni kulinganisha vitu visivyohusiana.

Tuweke hesabu. Tuseme magari safi ya modeli yako yameuzwa kwa wastani wa sehemu 100, na muuzaji anataka 92. Ukaguzi umeonyesha sevisi kubwa imepitiliza, sehemu 5. Klachi imebaki kidogo, 4. Matairi ya zamani, 2. Swichi zinazonata, 1. Jumla 12, kwa hiyo gari ni la 88, na tofauti ya 4 inazungumzika. Lakini kipima rangi kimeonyesha bawa la nyuma na nguzo vimepigwa puti, bila karatasi. Wengi wangetoa sehemu 3 za "rangi" na kulipa 85. Hesabu sahihi huanza upya: magari ya ajali ya modeli hiyo, tuseme, yanauzwa 76. Toa 12 zilezile, unabaki na 64. Muuzaji hatakubali, na hiyo ni haki yake.

Mambo mengine husogeza bei kwa kiasi kidogo. Rangi adimu ya kiwandani hupandisha. Rangi iliyobadilishwa baadaye hushusha, hata ikiwa nzuri kuliko ya kwanza. Viti vya kaboni na vifaa vilivyoagizwa kiwandani vinahesabika, ekzosi ya dukani haihesabiki, na kama ile ya asili haipo ghalani, toa gharama yake. Ferrari mpya huja na matengenezo ya miaka 7 yanayohamia kwa mnunuzi anayefuata. Miaka iliyobaki ni pesa taslimu mfukoni mwako.

Soko lenyewe nalo hupanda na kushuka. Bei za Ferrari za zamani zilipaa mwishoni mwa miaka ya 1980, kisha zikaporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, na walionunua kileleni walisubiri miaka mingi. Mauzo ya miaka mitatu iliyopita, kwa hiyo, usiyatumie hata kama ndiyo pekee yanayokupendeza.

Hatua ya 9: Kabla ya kulipa

Hakikisha gari halidaiwi na benki, na kwamba anayeuza ndiye mwenye jina kwenye hati. Hesabu funguo zote, kadi ya msimbo kama modeli inayo, vitabu, begi la vifaa, turubai la asili. Begi la vifaa la Ferrari ya zamani likipotea, kulitafuta jingine ni gharama ambayo hakuna aliyeipanga. Andika kwenye mkataba kilomita, nambari ya chasi, nambari ya injini na kila kasoro mliyokubaliana, na malipo yapite benki kwa jina la mwenye gari.

Ukishalifikisha nyumbani, badilisha oili, maji ya breki na ya rejeta hata kama ankara zinasema yamebadilishwa juzi. Chukua sampuli ya oili ile ya zamani uipeleke maabara, uhifadhi majibu mbele kabisa ya faili jipya. Liunganishe na chaja ya kulinda betri kila linapolala zaidi ya wiki, na uandike kilomita kwenye kila ankara, kwa sababu siku moja kuna mtu atazipanga kwa tarehe mezani kwake.